Bi Josefina wa Kang'ata

Kang'ata, Handeni
4 Februari 2024

Mke wangu Hafsa, uliyenitoroka ukaolewa na mashine huko Korogwe,

Assalaam alaikum. Najua ungenitangulia kwa shikamoo kama ungekuwa hapa, kwa hiyo nimejihesabia na nimekwisha kuitikia: marahaba, mjukuu wangu.

Mimi babu yako nipo. Miguu inakataa, pumzi inabishana na kilima cha kwenda msikitini, lakini kichwa bado kinafanya kazi. Shangazi yako Hamisa ananipikia mboga ya mchunga bila chumvi, eti daktari kasema. Nimefundisha sayansi miaka thelathini na mmoja, leo nanyimwa chumvi na mtoto niliyemfundisha mwenyewe kusoma neno chumvi. Baba yako Hussein amepalilia mahindi ya upande wa bondeni. Ya upande wa juu ameyapalilia nyani.

Utauliza kwa nini naandika wakati nina simu. Simu yangu bila kuweka sauti ya nje siisikii, na nikiiweka, fundi baiskeli aliye barabarani anasikia kabla yangu. Jambo hili si la fundi baiskeli.

Yupo mama mmoja hapa kwetu, jina lake Josefina, mtu mzima wa umri wangu. Ana kitu kigumu chini ya chuchu ya kushoto, kama kokwa la zambarau. Hakimuumi. Anacho tangu mwaka juzi. Ananiuliza mimi kwa sababu anajua mke wangu anafanya utafiti wa magonjwa ya matiti. Nikamwambia nitauliza. Je, kwa umri huo kuna haja ya kuhangaika, au amwachie Mungu?

Nijibu kwa karatasi. Habakuki, kondakta wa gari la Korogwe, ni mtu mwaminifu, hafungui bahasha. Na usimwambie Hamisa. Bi Josefina ni mtu wa haya sana.

Mumeo mzee,
Rehani


Korogwe
19 Februari 2024

Mume wangu mpenzi, shikamoo,

Barua yako imekaa siku tisa kwenye gari la Habakuki, ndani ya boksi la vifaranga. Hakuifungua yeye, lakini vifaranga wameidonoa. Nimeisoma hata hivyo, na sasa nina maswali.

Huyu Josefina ni nani? Mwaka mzima tangu niondoke hujaniandikia hata mstari, leo unaandika ukurasa kwa ajili ya mwanamke mwingine! Na ilikuwaje akakueleza habari za chini ya chuchu yake ya kushoto? Mlikuwa mmekaa wapi? Nani alikuwepo? Nitakuja na wenzangu tumfanyie fujo.

Sasa niache wivu nivae koti la kazi. Mwambie hivi. Kitu kigumu, kisichouma, kilichokaa mwaka na zaidi, hakiachwi, hata kama mtu ana miaka mia. Utafiti wetu ni wa watu kama yeye. Zamani mwanamke wa kijijini mwenye uvimbe alipelekwa moja kwa moja hospitali kubwa ya mbali, au hakupelekwa kabisa. Sisi tunawafundisha wauguzi wa vituo vidogo kutumia kipimo cha mawimbi ya sauti. Mashine ina ukubwa wa ile ya kinyozi, unaiunganisha na simu, unaipitisha juu ya titi na picha inatokea. Kifuko cha maji kinaonekana cheusi, duara safi, na vingi huwa ni hivyo, wenye navyo wanarudi nyumbani siku hiyo hiyo wakiimba. Tunayemtafuta ni yule ambaye kivuli chake kina kingo za miiba. Huyo ndiye anayepelekwa mbele akachukuliwe kinyama kidogo cha kupimwa, kwa sababu picha peke yake haihukumu. Tunataka kujua kama jicho la muuguzi wa Kerenge linaweza kuaminiwa kama la mtaalamu wa mjini. Mpaka sasa muuguzi wetu wa huko, Grasiana, ananishinda hata mimi.

Muulize Bi Josefina: chuchu imeingia ndani? Ngozi imevutwa, au ina vitobo kama ganda la chungwa? Kwapani kuna kitu? Kisha mlete Kerenge Alhamisi yoyote. Gari nitatafuta mimi.

Mkeo mwenye wivu,
Hafsa


Kang'ata
20 Machi 2024

Mke wangu,

Ramadhani imetukuta salama. Hamisa anafuturisha kwa bada la muhogo na samaki mkavu, na chumvi ya samaki haiwezi kuondolewa na daktari yeyote, alhamdulillah. Mvua zimeanza. Baba yako amepata ndama. Fundi baiskeli ameoa.

Nimemuuliza Bi Josefina maswali yako, moja baada ya jingine, kama mtihani. Majibu: chuchu imegeuka ndani kama kobe aliyeogopa. Ngozi ya pembeni imevutwa kidogo. Kwapani kuna vitu viwili, kimoja kama harage, cha pili kidogo zaidi. Maumivu hana, isipokuwa kalamu ikiwa mfukoni mwa shati humkera akiinama.

Kuja Kerenge hawezi kwa sasa. Kwanza amefunga, na safari na saumu haviendi pamoja kwa mtu wa umri wake. Pili mbuzi wake anakaribia kuzaa. Tatu anauliza, ni lazima mtu akae kwenye benchi mbele za watu? Haiwezekani mashine ikamfuata mtu ndani kwake, mlango ukafungwa?

Ana swali jingine pia, ingawa hili nimeona ni la kisomi mno kwa mtu kama yeye: je, ugonjwa huu hufuata damu? Kwamba akiwa nao fulani, watoto na wajukuu wajiangalie?

Usinijibu kwa wivu. Nijibu kwa koti la kazi.

Rehani


Korogwe
16 Aprili 2024

Mume wangu, shikamoo, na Idi njema iliyopita,

Nina dhambi ya kuungama. Nilimwambia shangazi Hamisa. Si habari ya ugonjwa, hiyo sikuisema. Nilimwambia tu kwamba Babu ana mtu. Sikujua angeichukua hivyo. Amekwisha kununua doti mbili za kanga na mkeka wa kumpokelea bibi harusi, na amemuuliza shekhe kama Josefina itabidi asilimu kwanza.

Baba naye hakukaa. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kuuliza huyo Josefina anakaa wapi. Mwenyekiti akafungua daftari lake. Katika Kang'ata nzima, akasema, Josefina yupo mmoja. Anasoma darasa la kwanza. Baba alirudi nyumbani, magharibi akanipigia: "Hafsa, mzee amechanganyikiwa au ametuzidi akili?"

Tulicheka, Babu. Kisha nikakaa na barua yako ya Machi peke yangu.

Bi Josefina, jina la kanisani, amefunga Ramadhani. Bi Josefina, mama mtu mzima wa Kang'ata, anavaa shati lenye mfuko wa kalamu. Nimekaa mapajani mwa shati hilo tangu nina miaka mitatu. Kalamu mbili, nyekundu na bluu, upande wa kushoto.

Sitauliza. Nakujibu swali la Josefina: ndiyo, mara nyingine hufuata damu. Hasa anayeugua akiwa ni mwanamume, tunataka kujua habari za ukoo wake wote.

Nasubiri. Habakuki nimemwambia barua yako isikae na vifaranga.

Mjukuu wako,
Hafsa


Kang'ata
3 Mei 2024

Hafsa,

Josefina ni mimi.

Nimeandika mstari huo nikaenda kunywa maji, nikarudi, bado upo. Basi tuendelee.

Nilikihisi Agosti ya mwaka juzi nikijipaka sabuni. Na nilijua. Hapo ndipo penye aibu yangu. Asiyejua ana udhuru. Mimi nilisimama mbele ya ubao nikichora binadamu wa kike na wa kiume, nikiwaambia watoto kwamba mwanamume naye ana titi, dogo tu, lililolala. Mtu aliyeyasema hayo miaka thelathini na mmoja, siku lilipoamka la kwake, alikwenda Handeni mjini kununua mashati mapana.

Sasa cheka kidogo. Januari, uliponieleza kwenye simu kwamba mnapima Kerenge kila Alhamisi, nilimdanganya Hamisa kwamba nakwenda kwenye arobaini ya mwalimu mwenzangu. Nilikwenda Kerenge. Nilisahau kwamba nilifundisha pale miaka kumi na miwili. Benchi zima la kina mama wanaosubiri lilikuwa darasa langu! Walisimama mmoja mmoja: "Shikamoo, mwalimu. Umemsindikiza nani?" "Shikamoo, mwalimu. Mgonjwa yuko wapi?" Akatoka Grasiana wenu mwenye koti jeupe, niliyempa adhabu ya kufagia uwanja alipokuwa darasa la tano, akauliza hilo hilo na kalamu mkononi, tayari kuandika: "Mwalimu, umemleta nani?"

Nikasema, "Josefina." Sijui lilitoka wapi.

Grasiana akaita kwa sauti: "Josefina!" Mwanamke mmoja mnene akasimama nyuma kabisa, akanitazama, akasema, "Mwalimu, mimi nimekuja na wewe?" Watu wakaangua kicheko. Nilichukua fimbo yangu nikaondoka. Nikiwa ndani ya gari nikaamua, basi, huyo Josefina ataniulizia yeye.

Umecheka? Sasa nisikilize, maana hicho sicho nilichokusudia kuungama.

Kaka yangu Sabiri, babu yako mkubwa, alifariki mwaka 1996. Ukoo wote unajua aliondoka kwa jipu la kifua. Nilimwosha mimi, pamoja na Mzee Hiza na shekhe wa wakati huo. Tulipofunua upande wa kulia tukaliona. Halikuwa jipu, Hafsa. Titi lake lilikuwa limeliwa. Alilificha chini ya kitambaa mpaka mkewe hakujua. Hiza alinitazama, mimi nikamtazama shekhe. Shekhe akatukumbusha adabu mikono yetu ikiwa bado na maji: anayeosha maiti akiona kasoro huifunika, haitoki nje ya chumba. Haikutoka. Hiza amekwenda nayo kaburini, shekhe amekwenda nayo. Nimebaki mimi.

Miaka ishirini na minane nimeitunza heshima ya kaka yangu, na sijutii kuitunza. Ninachojutia ni hii miwili ya mwisho. Kwenye dodoso lenu mna swali kama kuna aliyeugua katika ukoo. Uliniambia mwenyewe kwamba mlianza kwa kulijaza ninyi wafanyakazi, kulijaribu. Najua uliandika hapana. Hussein angesema hapana. Hamisa ana miaka hamsini na mmoja, naye angesema hapana. Wote mngekuwa wakweli, na wote mngekuwa mmekosea, kwa sababu mzee mmoja anaona haya.

Wanaume wawili wa tumbo moja. Nilikwenda kwa shekhe wetu wa sasa nikamuuliza bila kutaja jina. Akasema, siri ya maiti hufichwa ili asiaibike. Haikuwekwa ili iue walio hai. Nililala vizuri siku hiyo. Kisha nikaamka, nikakaa wiki mbili nyingine bila kukuandikia. Ndivyo nilivyo.

Futa ile hapana. Mtazame Hamisa. Utazamwe na wewe.

Babu yako,
Rehani Josefina


Korogwe
28 Juni 2024

Babu, shikamoo,

Hii ni barua ya nne. Tatu za kwanza nimezichana.

Asante kwa kunivumilia siku ile nilipokuja na mashine nikakupima chumbani kwako, mlango umefungwa kama ulivyotaka. Nisamehe kwamba nilikugusa kwa woga. Uliniambia, "Mke wangu, bonyeza kwa imani, mimi si yai," nami sikuweza kukucheka. Uliniuliza naona nini, nikasema picha haihukumu. Ulijua kwamba nimekimbia.

Majibu ya kile kinyama ulichokwenda kuchukuliwa hospitali yamekuja, na nilikwambia utayapata kwa maandishi: ni saratani ya titi. Lakini ni ya aina inayolishwa na homoni, kwa hiyo ina dawa yake ya vidonge, kimoja kila siku. Ni vidonge vya kina mama, wapo wanaovitumia miaka. Meza baada ya chai.

Kwenye kikao cha utafiti nilisimama. Dakta Valerian, mkuu wetu, alisema utafiti ni wa wanawake, mwanamume mmoja hawezi kubadili mpango ulioidhinishwa. Nikamwambia mwanamume huyo amewaficha wagonjwa wawili, kaka yake na yeye mwenyewe, je, wapo wangapi waliofichwa na waliokufa? Wiki iliyofuata tuliandika maombi ya kuongeza swali moja: katika ukoo wenu, kuna mwanamume aliyewahi kuwa na kidonda au uvimbe wa kifua? Limeidhinishwa. Alhamisi ya kwanza tu, mama mmoja wa Kerenge alimwambia Grasiana, "Yupo baba yangu mdogo. Nilifikiri hamtaki habari za wanaume."

Mimi Grasiana amenipima. Nina vifuko viwili vya maji, duara safi. Nitatazamwa kila mwaka.

Shangazi Hamisa alikuja akilalamika kwamba amebebeshwa safari kwa ajili ya mke ambaye hata hayupo. Kwa mkono hakuna kilichoshikika. Kwa mashine, titi la kulia, ndani sana, kuna kitu kama punje ya choroko, chenye kingo nisizozipenda. Tumempeleka kwenye mashine ile kubwa inayobana titi katikati ya vibao viwili. Shangazi alimwambia fundi wa picha, "Mwanangu, hii ni mashine ya kukamulia machungwa?" Kinyama kimesema ni saratani, ndogo, haijatoka mahali pake. Atafanyiwa upasuaji mwezi ujao. Daktari amesema ingekaa miaka miwili zaidi, mazungumzo yangekuwa mengine. Hamisa amejifunga zile kanga za harusi. Anasema hazitapotea bure.

Wiki iliyopita tulikuwa Bungu. Kule ni baridi, Babu, asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani ya kituo. Watu wanavaa makoti mawili. Tulipewa mapeasi na mahindi ya kuchoma. Barabara ina utelezi, gari lilivutwa na vijana mara mbili. Mvua ya kule ni nyembamba, haina kishindo, lakini inalowesha. Wazee wa kule wanakaa jikoni kutwa. Nilifikiri ungependa kujua.

Mkeo,
Hafsa


Kang'ata
14 Agosti 2024

Mke wangu Hafsa,

Waalaikumu salaam, na marahaba ya jana, ya leo na akiba ya mbele.

Vidonge vyenu ninameza. Hukunionya! Baada ya wiki tatu nilikuwa nimekaa na wazee barazani, likanipanda joto kutoka kifuani mpaka masikioni, jasho likanitoka nikajipepea kwa daftari. Hamisa alicheka akashika mlango. Akasema, "Karibu, Baba. Sisi tumo humu tangu mwaka juzi." Nimemwomba radhi marehemu bibi yako kwa kila mara nilipomwambia aache kujipepea tunakula.

Hamisa kidonda chake kimekauka. Anainua mkono mpaka juu kama ulivyomwagiza, na ukifika huko juu anaushusha na ndizi. Chumvi bado ananinyima.

Sasa wewe. Tulipokuwa hospitali nilikuuliza juu ya ile picha ya mapafu niliyopigwa siku ile ile ya kinyama. Barua yako ina mistari kumi ya hali ya hewa ya Bungu, na juu ya picha hiyo hakuna hata neno. Nimesahihisha insha za watoto maisha yangu yote, mke wangu. Mtoto asiyetaka kujibu swali huandika habari za mvua. Nimeelewa. Pumzi yangu ilikuwa imekwisha kuniambia, wewe usijisumbue kutafuta maneno. Sikulaumu. Hulka hiyo umeirithi kwangu, na hiyo haina kidonge.

Jana nilimwita baba yako, Hamisa akiwepo. Nikamwambia, "Hussein, wewe ndiye utakayeniosha. Utakachokiona upande wa kushoto, useme."

Akaanza kulia, mwanamume wa miaka hamsini na nne. Akasema, "Baba, haifai. Tutakuaibisha."

Nikamwambia kasoro ni ya mwenyewe, na mwenyewe yupo, ana akili timamu, ameruhusu mbele ya shahidi. Hamisa akasema, "Shahidi nipo, na sitaki machozi, ukae usikilize unavyoelekezwa." Basi nikamwelekeza, nami nakuandikia ili akisahau umkumbushe. Asiseme pembeni kwa watu wawili watatu. Aseme kabla ya dua, watu wakiwa wengi, kwa sauti ya kufika nyuma ya darasa: Mwalimu Rehani amefariki kwa saratani ya titi, na kaka yake Sabiri kabla yake. Mwenye uvimbe, awe mama au baba, aende Kerenge siku ya Alhamisi, akae kwenye benchi, aseme jina lake mwenyewe.

Hussein akaniuliza, "Na wakicheka?"

Nikamwambia, waache wamalize. Kisha uyarudie tena, polepole.

Mumeo,
Rehani